Je, Mshona Mifarishi wa Lubumbashi Anunue Cherehani ya Zamani ya Kubeba?

Anayeshona mifarishi ya viraka akiuliza kama anunue cherehani ya zamani ya kubeba, yaani ile ndogo inayoingia ndani ya sanduku lake lenye mpini, anastahili kupewa jibu tangu mwanzo. Anunue, mradi kazi yake kubwa iwe ni kuunganisha viraka, bobini (vigurudumu vidogo vya uzi wa chini) na sindano za cherehani hiyo ziwe zinapatikana, na volti za mota yake ziwe zinajulikana. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, ni afadhali fedha zibaki katika likelemba, yaani mchango wa kupeana zamu, hadi zifike bei ya cherehani nyingine, hata kama sanduku ni zuri na muuzaji anaapa kwamba mtu mwingine anarudi jioni kulichukua.

Hapa Lubumbashi mashine hizi hupatikana kwa njia mbili. Baadhi zilibaki katika nyumba na konventi tangu mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, jina lililodumu hadi mwaka 1966, na nyingine huja na vitu vya mitumba vinavyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Inayotafutwa zaidi duniani na washona mifarishi ni Singer 221, maarufu kwa jina la Featherweight, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1933 na kuendelea kuundwa hadi miaka ya 1960. Mwili wake ni wa alumini, na kwa hiyo uzito wake ni kama kilo 5 tu, wakati cherehani ya chuma ya wakati huo huo humlazimisha mtu kuita kijana wa kumsaidia kuibeba. Kwa mama anayetoka Katuba kwenda kushona na wenzake parokiani, akiwa amebanwa ndani ya teksi-basi, kilo 5 si jambo dogo.

Kazi inayoiweza na isiyoiweza

Singer 221 hushona mshono mmoja tu, ulionyooka, kwenda mbele na kurudi nyuma. Mtu anayetaka zigizaga kwa ajili ya kuzuia ukingo usichanike, au anayeshona jinzi na mikoba ya turubai, asiisumbue mashine hii wala asijisumbue mwenyewe. Lakini kiraka cha mfarishi hakihitaji zaidi ya mshono ulionyooka, na katika mshono huo mashine hizi bado zinazipita nyingi mpya za plastiki, kwa sababu tundu la sindano kwenye bamba lake ni dogo na la duara. Sindano haipati nafasi ya kuyumba, wala ncha ya kiraka haimezwi chini ya bamba pale mwanzo wa mshono, jambo ambalo kila aliyewahi kushona pembetatu za kitenge kwa mashine ya zigizaga analijua na kulichukia.

Umuhimu wa unyofu huo unaonekana kwenye hesabu. Desturi ya viraka ni kuacha ukingo wa robo inchi, yaani milimita 6 na kitu. Tuseme safu moja ya mfarishi ina viraka 20, basi ina mishono 19. Kama kila mshono unakula milimita 1 ya ziada kwa kila upande, safu nzima inapungua karibu sentimita 4, na safu ya jirani iliyoshonwa vizuri haitalingana nayo hata uivute kwa mikono miwili. Hapo ndipo watu wanapoanza kulaumu kitambaa.

Kuna upande wa pili ambao wauzaji hawausemi. Nafasi kati ya sindano na nguzo ya kulia ya 221 ni kama sentimita 13. Uso wa viraka peke yake hupita hapo bila shida. Lakini mfarishi wa kitanda cha watu wawili ukishawekewa pamba au blanketi la kati na kitambaa cha nyuma, kisha ukakunjwa kama mkeka ili upite chini ya mkono wa mashine, unajaza nafasi hiyo na kukwama, na mshonaji anajikuta akipigana na mzigo badala ya kufuata mstari. Vilevile 221 haina njia ya kushusha meno yanayosukuma kitambaa, kwa hiyo anayependa kuchora maua kwa uzi juu ya tabaka zote tatu lazima ayafunike meno hayo. Ndugu yake, Singer 222K, iliyoundwa Uskoti kuanzia miaka ya 1950, ina meno yanayoshuka na mkono ulio wazi chini, lakini ni adimu, na bei yake hupanda kwa sababu hiyo.

Kwa maoni yangu kasoro hiyo si sababu ya kuiacha mashine. Ni sababu ya kupanga kazi kwa namna nyingine. Viraka viunganishwe kwa cherehani ndogo, kisha tabaka tatu zishikanishwe kwa mkono, au kwa kufunga mafundo ya uzi mnene kila baada ya sentimita 10 hivi. Anayetaka kila kitu kifanywe na mashine ashone mfarishi kwa vipande: kila kipande cha sentimita 40 kwa 40 kiwekewe tabaka zake na kushonwa peke yake, ndipo vipande viunganishwe mwishoni. Mfarishi wa namna hiyo huhimili baridi ya Juni na Julai, ambapo usiku joto la Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10.

Bobini kwanza, nakshi baadaye

Cherehani iliyoenea zaidi mikononi mwa mafundi wetu ni ile nyeusi ya Kichina ya miguu, Butterfly JA2-1, ambayo umbo lake linafuata Singer ya aina ya 15. Kwa sababu hiyo, vipuri vinavyopatikana kirahisi kwa wauzaji wa sokoni ni vya aina hiyo, na mnunuzi wa mashine ya zamani hana budi kupima kila kitu kwa kipimo hicho: je, hii ninayoiona inakula vipuri vya Butterfly au haivili?

Kwa sindano, habari ni njema. Butterfly hutumia sindano za HA×1, ambazo ni zilezile 15×1, na ambazo kwenye paketi za Ulaya huandikwa 130/705 H. Singer 221 hutumia hizo hizo. Kwa bobini, habari si njema hata kidogo, kwani bobini ya 221 ina umbo lake peke yake na ya Butterfly haiingii humo. Kasha lake la bobini pia ni la kwake tu. Mashine ya 221 iliyopoteza kasha hilo ni pambo la kabati hadi litakapoagizwa kutoka ng'ambo, na kasha peke yake linaweza kula sehemu kubwa ya bei ya mashine. Kwa hiyo ukifungua sanduku, usitazame kwanza rangi wala nakshi za dhahabu; inua meza ndogo inayokunjwa upande wa kushoto, utoe kasha la bobini, na uhesabu bobini zilizomo. Zikiwa chini ya tatu, punguza bei kwa sababu hiyo. Kasha likiwa halimo, funga sanduku na uage.

Ziko mashine nyingine za kubeba ambazo hazina sifa kubwa lakini zinakaa vizuri na soko letu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani viliunda kwa wingi cherehani za umbo la Singer 15, zikiwa na mota ya nje na sanduku la kubebea. Ni nzito, lakini bobini za Butterfly kwa kawaida huingia ndani yake. Singer 99K, ambayo ni Singer 66 iliyopunguzwa ukubwa, hutumia bobini za aina ya 66, na hizo bado zinaundwa. Singer 128K ina bobini ndefu inayokaa ndani ya kikombe kinachoenda na kurudi kama mtumbwi. Hushona vizuri sana, ila mtu ahakikishe kikombe hicho kimo. Za kuepuka ni zile zinazodai sindano zisizo za kawaida. Singer 206, 306 na 319, kwa mfano, ziliundwa kwa sindano ya 206×13, ambayo ni fupi kidogo na si ya kuitegemea sokoni. Muuzaji atakuambia kwamba sindano ya kawaida nayo inaingia. Inaingia, ndiyo, lakini urefu wake si uleule, na inaweza kugonga au kuruka mishono.

Jambo la nakshi linahitaji neno moja. Mashine za Singer za mwaka 1951 zilibandikwa beji yenye maandishi ya kuadhimisha miaka 100 ya kampuni, na muuzaji aliyewahi kutazama bei za Marekani kwenye simu atakutajia bei ya beji hiyo. Mshono wake ni uleule wa mashine ya mwaka uliotangulia. Anayekusanya vitu vya kale alipie beji, anayeshona asilipie.

Umeme

Umeme wetu ni wa volti 220. Singer 221 zilizouzwa Marekani zina mota ya volti 110, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia kelele kubwa, utanusa harufu ya kuungua, na biashara itakuwa imeisha. Zile zilizoundwa Uskoti, zenye herufi K mwishoni mwa namba ya aina, mara nyingi zina mota ya volti 200 na kuendelea, ingawa K peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni kibao kidogo kilichopo kwenye mota au chini ya mashine, ambacho kinataja volti. Usiamini plagi, kwa maana plagi hubadilishwa na fundi yeyote kwa dakika chache, na taa pia hubadilishwa. Kibao kikiwa kimefutika, dai mashine iwashwe kwanza kupitia transfoma ya 110. Ikizunguka polepole kama inayosinzia, basi ni ya 220 na haikudhurika.

Mashine ya volti 110 si ya kukataliwa, kwa kuwa mota yake inahitaji chini ya wati 100 na transfoma ya wati 200 inaitosha kwa nafasi. Transfoma iwe ile nzito yenye nyaya za shaba ndani, isiwe kijisanduku chepesi cha kielektroniki kinachouzwa kwa wasafiri. Kwa sababu ya udogo wa mahitaji hayo, nyumba yenye betri na inveta ya sola ya wati 300 inaweza kuiendesha wakati wa mgawo wa umeme, mradi jokofu lisiwe kwenye mstari huo huo.

Hata hivyo, anayeishi mahali ambapo umeme huja usiku wa manane na kuondoka kabla ya alfajiri, namshauri atafute cherehani ya mkono badala yake, 99K au 128K. Wengi huidharau kwa kudhani ni ya bibi zetu. Mzunguko mmoja wa mkono hutoa mishono kama mitatu, na unaweza kusimama kwenye mshono unaoutaka, jambo linalofaa sana pale kona za viraka viwili zinapotakiwa kukutana. Hasara yake ni kwamba mkono wa kulia una kazi yake, na wa kushoto peke yake ndio unaoongoza kitambaa. Kwa viraka vidogo inatosha, kwa vitambaa virefu inachosha.

Namna ya kuijaribu mbele ya muuzaji

Nenda na mfuko wako: vipande vya kitenge, uzi wa pamba wa rangi mbili tofauti, sindano mpya ya namba 14, rula, bisibisi ndogo na tochi ya simu. Rangi mbili za uzi ni za lazima, kwa sababu ndizo zitakazokuonyesha ni uzi upi unaovutwa kupita kiasi, wa juu au wa bobini.

Kabla ya umeme wowote, zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako, polepole. Ugumu ulio sawa kwa mzunguko mzima husababishwa na mafuta ya zamani yaliyoganda, na hutibika kwa mafuta ya taa kidogo na subira, kisha mafuta mapya ya cherehani. Ugumu unaokuja mahali palepale kila mzunguko ni jambo jingine: mara nyingi ni uzi uliojisokota kwenye ndoano inayozunguka kasha la bobini, lakini unaweza kuwa jino la giya lililovunjika, na usipoweza kuona chanzo chake usilipie. Ibebe mashine, uigeuze na kutazama chini. Alumini haipati kutu, lakini hupasuka ikianguka. Kagua pembe za kitako na bawaba za meza ndogo inayokunjwa upande wa kushoto. Vipira vya miguuni vikiwa vimekatika si hoja.

Nyaya zinastahili muda zaidi kuliko watu wanavyozipa. Mpira uliofunika waya wa miaka 60 hukauka, na ukiukunja kidogo huonyesha nyufa, wakati mwingine shaba yenyewe. Fanya hivyo mashine ikiwa imechomolewa, hasa pale waya unapoingia kwenye plagi na kwenye pedali. Pedali nazo zina tabia ya kuzeeka vibaya: kuna zenye kipuri ndani ambacho kikifa mashine hujiendesha yenyewe bila mguu kuguswa. Ndiyo maana cherehani ya zamani haiachwi imechomekwa mtu anapokwenda kutazama sufuria jikoni, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Sasa weka sindano. Kwa 221, upande bapa wa sindano hutazama kushoto, na uzi hupitishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyezoea mashine za kisasa, ambazo uzi huingia kutoka mbele, huiweka vibaya, mashine inakataa kufunga mshono, na muuzaji asiyejua anaiuza kama mbovu. Huo ndio wakati wa mnunuzi anayejua. Jambo jingine la kukagua hapo hapo: ukitazama kwa tochi chini ya bamba la sindano, kuna kidole kidogo cha chuma kinachotoka kwenye sehemu inayoshika kasha la bobini, na kidole hicho lazima kikae ndani ya pengo lake chini ya bamba. Aliyefungua bamba kwa ajili ya kusafisha na kulirudisha bila kukipanga kidole huweza kukivunja mara tu mashine inapozunguka. Kidole kikiwa kimevunjika, mashine haitashona hadi sehemu hiyo ibadilishwe.

Halafu kata vipande vitatu vya kitenge, kila kimoja sentimita 5 kwa upana. Weka rula chini ya sindano, uishushe kwenye alama ya milimita 6, na ubandike mkanda wa gundi kwenye kitako kando ya rula ili uwe ukuta wa kuongoza kitambaa. Unganisha vipande vyote vitatu, upige pasi kama ipo au uvikandamize kwa ukucha, kisha upime kipande cha katikati. Kinatakiwa kubaki na sentimita 3.8. Kikipungua au kuzidi, sogeza mkanda na ujaribu tena. Kosa liko kwenye mkanda. Lakini kama upana wake unatofautiana kati ya mwanzo na mwisho wa mshono, meno yanavuta upande, na hilo ni la mashine. Geuza kitambaa uone nyuma: vitone vya uzi wa juu vikionekana chini, ongeza kidogo mkazo wa uzi wa juu kabla hujaamua chochote. Kitenge cha waksi ambacho hakijafuliwa ni kigumu na kinaweza kuihukumu mashine bila haki, kwa hiyo vipande vya majaribio viwe vimefuliwa.

Mwisho, iache izunguke kwa dakika kadhaa bila kitambaa. Harufu ya vumbi lililopata joto ni ya kawaida kwa mashine iliyolala muda mrefu. Cheche nyingi za buluu kwenye mota humaanisha kaboni, vile vijipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha, na kaboni hubadilishwa. Harufu kali ya waya kuungua humaanisha urudishe kitenge chako mfukoni.

Hapo muuzaji atasema, "Mama, hii ni ya Wazungu, haiharibiki." Mwache aseme. Kipimo cha bei ni kimoja: ulizia siku hiyo bei ya Butterfly mpya ya miguu, na kama sanduku dogo, pamoja na transfoma na bobini utakazohitaji, linakaribia bei hiyo, nunua Butterfly, isipokuwa kama kubeba ndiyo haja yako kuu. Kwa anayeshona nyumbani tu na mwenye chumba cha kuweka meza yake, mashine ya miguu haijui mgawo wa umeme.

Ukishaifikisha nyumbani

Usiishone siku hiyo. Toa manyoya yote kwenye meno na kwenye ndoano kwa brashi ndogo, kisha weka tone moja moja la mafuta mepesi ya cherehani kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma. Mafuta ya kula huganda, na ya injini ni mazito mno. Giya za chini za 221 hutaka grisi, na mota yake ina vibomba viwili vya grisi, ambavyo havitakiwi kuwekewa mafuta ya maji hata tone moja, kwa sababu mafuta hayo huingia kwenye nyaya na kaboni na kuiua mota taratibu. Grisi yenyewe iwe laini, inayoyeyuka kwa joto dogo la mota; ile ya magari haiyeyuki humo na haifanyi kazi.

Vumbi jekundu la kiangazi, kati ya Mei na Septemba, likichanganyika na mafuta hugeuka kuwa msasa ndani ya mashine. Katika miezi hiyo safisha kila unapobadilisha bobini mbili au tatu, na mashine irudi ndani ya sanduku kila jioni, ikiwa imechomolewa, kipande cha kitambaa kikiwa kati ya meno na mguu unaokandamiza kitambaa.